Alfred Ilg: Fundi Mswisi katika Baraza la Menelik

Utangulizi

Anayezuru Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori hukutana na kuta za mawe yaliyopangwa pasipo saruji wala udongo wa kuyashikanisha, nyingine zikiwa na kimo cha zaidi ya mita nne. Kuta hizo zimesimama tangu takribani karne ya 16, na mwaka wa 2018 ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia. Mabaki ya maboma ya namna hiyo yapo pia kwingineko katika Migori na katika kaunti jirani ya Homa Bay. Majina ya mafundi waliozijenga kuta hizo, hata hivyo, hayajulikani. Wala haijulikani walielewana vipi na wenyeji wao iwapo baadhi yao walitoka mbali.

Historia ya ujenzi katika Afrika Mashariki ina mafundi wengine ambao habari zao zimehifadhiwa vizuri zaidi, na mmojawapo ni Alfred Ilg, Mswisi aliyefanya kazi nchini Ethiopia, jirani ya Kenya upande wa kaskazini, kuanzia mwaka wa 1879. Ilg alikuwa mhandisi. Alijenga daraja, akashughulikia majengo ya ikulu, akaleta maji ya bomba na kuasisi mradi wa reli. Watu wengi humkumbuka kwa kazi hizo. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa kuzingatia jambo ambalo wanafunzi na wahadhiri wa lugha wanapaswa kulitilia maanani: kwamba ufundi wake ulipata nafasi nchini humo kwa sababu alijifunza lugha ya wenyeji wake, na kwamba ulipoteza nafasi hiyo pale ambapo maneno aliyoyasimamia yaliacha kuaminika.

Kuzaliwa na Elimu

Alfred Ilg alizaliwa tarehe 30 Machi 1854 katika mji wa Frauenfeld, jimbo la Thurgau, kaskazini mashariki mwa Uswisi. Wakati huo Uswisi ilikuwa nchi ndogo isiyo na bahari wala makoloni. Utajiri wake ulitegemea viwanda, biashara na, kadiri karne ilivyosonga, wageni waliokuja kutazama milima. Wasanifu na wahandisi walichimba njia za reli chini ya majabali na kujenga hoteli kubwa kando ya maziwa. Kijana aliyekuwa na akili ya mikono na hesabu hakukosa mfano wa kuiga.

Ilg alisoma uhandisi wa mitambo katika Chuo cha Polytechnic cha Zürich, chuo kilichofunguliwa mwaka wa 1855 na ambacho kilikuwa tayari na sifa kubwa barani Ulaya. Baada ya kuhitimu alifanya kazi mjini Bern. Huenda angebaki huko na kuwa mmoja wa wahandisi wengi wasiojulikana wa kizazi chake, lau si ujumbe uliotoka mbali.

Ujumbe huo ulitoka kwa Menelik, aliyekuwa wakati huo mfalme wa Shewa, eneo lililo katikati ya Ethiopia. Menelik alikuwa ameona jinsi mataifa ya Ulaya yalivyoinyemelea Afrika, na alitambua kuwa mtawala asiye na mafundi atakuwa mateka wa wale walio nao. Hakutaka, hata hivyo, fundi kutoka dola lenye tamaa ya ardhi yake. Kupitia wafanyabiashara wa Kiswisi waliokuwa Aden, aliomba apelekewe mhandisi. Uswisi haikuwa na jeshi la kuvuka bahari, na huenda jambo hilo ndilo lililoifanya ionekane salama. Ilg aliukubali mwaliko. Mwaka wa 1878 aliondoka kwao pamoja na mafundi wawili wa Kiswisi, na mwaka wa 1879 wakafika Shewa baada ya safari ndefu ya misafara kutoka pwani.

Mgeni Akapewa Jembe

Wahenga wa Kiswahili wanasema kuwa mgeni hukaa siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Menelik alifanya vivyo hivyo, ila jembe alilompa mgeni wake lilikuwa la ajabu. Inasimuliwa kuwa kazi ya kwanza aliyomtaka mhandisi huyo kuifanya ilikuwa kushona jozi ya viatu. Ilg hakuwa mshonaji, lakini alivishona. Kisha mfalme akamtaka aunde bunduki. Ilg alimweleza kuwa bunduki ya kununua ingekuwa bora na rahisi kuliko ya kuundwa huko, lakini mfalme alishikilia amri yake. Bunduki ikaundwa, na mwenyewe akajionea kuwa neno la fundi lilikuwa la kweli.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, lakini kina uzito wake. Menelik alikuwa akimpima mgeni. Alitaka kujua kama mtu huyu atajivuna na kukataa kazi duni, na kama ataweza kusema ukweli mbele ya mfalme bila kukaidi amri. Ilg aliyashinda majaribio yote mawili.

Jambo jingine lililomtofautisha na Wazungu wengi wa wakati wake ni juhudi zake za kujifunza lugha. Alijifunza Kiamhari hadi akaweza kukitumia barazani pasipo kutegemea mkalimani. Katika ikulu ambamo kila balozi alikuja na mfasiri wake, na kila mfasiri alikuwa na mwajiri wake, mfalme alipata mtu aliyeweza kumweleza moja kwa moja kilichokuwa kikisemwa na kuandikwa katika lugha za Ulaya. Kwa hiyo fundi akawa pia msikilizaji wa mfalme, na polepole akawa mshauri wake.

Daraja, Mji Mpya na Maji Yaliyopanda

Katika miaka ya 1880 Ilg alijenga daraja juu ya mto Awash, mto uliokuwa ukikata mawasiliano kati ya Shewa na njia za misafara iendayo pwani, hasa wakati wa mvua. Hakukuwa na barabara ya magari wala karakana kubwa karibu. Vifaa vilibebwa na watu na wanyama, na vingine vililazimika kutengenezwa papo hapo kwa vile vilivyopatikana. Fundi aliyezoea karakana za Zürich alijifunza huko kuwa mpango mzuri ni ule unaotekelezeka kwa mikono iliyopo.

Mwaka wa 1886 ulianza kujengwa mji mpya chini ya mlima Entoto, mahali palipopendwa na Taytu, mke wa Menelik, kwa ajili ya chemchemi zake za maji moto. Taytu aliuita Addis Ababa, yaani Ua Jipya. Ilg alikuwa na mkono katika ujenzi wa majengo ya ikulu ya mji huo, na mwaka wa 1894 alikamilisha kazi iliyowashangaza wakazi kuliko nyingine zote: mfumo wa mabomba ulioleta maji ikulu kutoka upande wa milimani.

Katika nchi ambamo maji yalibebwa mtungini, habari kuwa maji yatapita ndani ya chuma, yateremke bondeni kisha yapande tena kilimani pasipo kusukumwa na mtu, ilikuwa kama hadithi. Mhandisi alijua siri yake: maji yatokayo mahali pa juu hutafuta kurudi kwenye kimo kile kile. Wenyeji walipoyaona yakibubujika ndani ya ua wa mfalme, washairi wa Kiamhari walitunga beti za kuyasifu, wakiyafananisha na raia anayepanda kwenda kumsujudia mtawala wake. Hivyo bomba la chuma likaingia katika fasihi simulizi ya mji. Wanafunzi wa fasihi wanaweza kuona hapa jinsi sanaa ya maneno inavyokipokea kitu kipya na kukipa maana kwa tamathali za jamii yenyewe, hata kabla jina la kitaalamu la kitu hicho halijajulikana.

Mwaka huo huo wa 1894 Ethiopia ilitoa stempu zake za kwanza za posta na sarafu zenye sura ya Menelik, zote zikitengenezwa Paris. Ilg alikuwa miongoni mwa waliohangaikia mambo hayo. Stempu na sarafu ni vitu vidogo, lakini kwa taifa lililotaka kutambuliwa ulimwenguni vilikuwa sawa na hati ya utambulisho.

Barua Baina ya Fundi na Mshairi

Kuanzia mwaka wa 1888 hadi 1891 Ilg aliandikiana barua na mfanyabiashara Mfaransa aliyeishi Harar. Mfanyabiashara huyo aliuza bunduki, nguo, vyombo na bidhaa nyingine. Jina lake lilikuwa Arthur Rimbaud, mmoja wa washairi wakubwa wa Ufaransa, aliyekuwa ameacha kuandika mashairi tangu alipokuwa na umri wa takribani miaka 20. Barua zao zilichapishwa kama kitabu mwaka wa 1965. Nyingi zinazungumzia bei, madeni, ngamia na misafara iliyochelewa.

Katika barua hizo limo jambo moja linaloonyesha tabia ya Ilg. Mwishoni mwa mwaka wa 1889 Rimbaud alimwomba amtafutie nyumbu mzuri na wavulana wawili watumwa. Ilg alimjibu mwaka uliofuata kuwa kuhusu watumwa hangeweza kumsaidia, kwa kuwa hakuwahi kununua mtu na hakukusudia kuanza. Alilisema hilo kwa adabu, kisha akaendelea na habari za biashara.

Haifai, hata hivyo, kumpaka Ilg rangi moja tu. Yeye mwenyewe alishiriki katika biashara ya silaha. Silaha za Menelik ziliilinda Ethiopia dhidi ya wavamizi wa Ulaya, lakini pia zilitumika kuzishinda jamii za kusini, wakiwemo Waoromo, Wawolayta na watu wa Kafa, ambao kwao upanuzi wa dola hilo ulikuwa uvamizi. Upanuzi huo uliteremka hadi karibu na Ziwa Turkana, na mpaka wa kaskazini wa Kenya ya leo ni sehemu ya matokeo yake. Aliyekataa kununua watu wawili alimtumikia mtawala ambaye vita vyake viliwapokonya wengi uhuru wao. Ukweli huo hauondolewi na wema wa jibu lake kwa Rimbaud.

Kitenzi Kimoja katika Mkataba

Tarehe 2 Mei 1889 Menelik na mjumbe wa Italia, Pietro Antonelli, walitia saini mkataba katika kijiji cha Wuchale. Mkataba uliandikwa kwa Kiamhari na Kiitaliano. Kifungu cha 17 kilihusu mawasiliano ya Ethiopia na mataifa mengine ya Ulaya. Kwa mujibu wa matini ya Kiamhari, mfalme aliweza kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano hayo kama angependa. Kwa mujibu wa matini ya Kiitaliano, alikuwa amekubali kuitumia, na Italia ilichukulia kuwa amefungwa na sharti hilo. Tofauti hiyo ni sawa na ile iliyopo katika Kiswahili kati ya anaweza na anapaswa. Kwa kitenzi hicho kimoja Italia ilitangaza mbele ya mataifa ya Ulaya mwaka huo huo wa 1889 kuwa Ethiopia iko chini ya ulinzi wake.

Menelik, aliyekuwa sasa Mfalme wa Wafalme wa Ethiopia nzima, aling'amua maana ya jambo hilo pale mataifa ya Ulaya yalipoanza kumjibu kama mtu asiye na kauli yake. Alipinga, na mwaka wa 1893 akaukana mkataba wote. Katika miaka hiyo ya mabishano Ilg alisimama upande wake. Alieleza msimamo wa Ethiopia barani Ulaya na kuwasaidia wasomaji wa magazeti ya huko kuelewa kuwa mzozo haukutokana na ujeuri wa mfalme wa Kiafrika bali na matini mbili zisizolingana. Wengi barani Ulaya hawakuwa na njia nyingine ya kujua Kiamhari kilisema nini.

Mabishano hayo yaliishia vitani. Tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Ethiopia lililishinda jeshi la Italia huko Adwa, na tarehe 26 Oktoba mwaka huo Mkataba wa Addis Ababa ukaufuta ule wa Wuchale na kuutambua uhuru kamili wa Ethiopia. Mwaka wa 1897 wajumbe wa mataifa mbalimbali, Waingereza na Wafaransa wakiwa mstari wa mbele, walifika Addis Ababa kutafuta mikataba. Ndipo Menelik alipompandisha Ilg kuwa mshauri wa serikali, na fundi wa viatu wa mwaka wa 1879 akawa mtu aliyepitiwa na kila balozi aliyetaka kusikilizwa. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka wa 1895, alikuwa amemwoa Fanny Gattiker wa Zürich, na nyumba yao Addis Ababa ikawa mahali pa kupokelea wageni wengi. Mji ulikuwa bado haujapata hoteli. Hoteli ya kwanza ya kisasa ilikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa juhudi za Malkia Taytu mwenyewe.

Reli Mbili

Ndoto kubwa kuliko zote za Ilg ilikuwa reli. Tarehe 9 Machi 1894 Menelik alimpa kibali cha kuunda kampuni ya reli kutoka pwani hadi Addis Ababa na kuendelea magharibi. Mshirika wake alikuwa mfanyabiashara Mfaransa, Léon Chefneux. Ujenzi ulianza Djibouti mwaka wa 1897, na mwishoni mwa mwaka wa 1902 njia ikafika mahali palipokuja kuwa mji wa Dire Dawa.

Inafaa kuilinganisha reli hiyo na ile iliyojengwa wakati huo huo kutoka Mombasa, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka wa 1896 na kufika Ziwa Victoria, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwezi Desemba 1901. Zote mbili zilikuwa na upana wa mita moja. Zote zilitoka bahari moja kuelekea bara. Lakini watu wa Nyanza Kusini, katika Homa Bay na Migori ya leo, waliofikiwa na bidhaa za reli hiyo kwa meli za ziwani, hawakuulizwa kama waliitaka. Iliamuliwa London na kulipiwa na serikali ya Uingereza. Reli ya Ethiopia ilianza kwa kibali chenye muhuri wa mtawala wa nchi yenyewe. Hiyo ndiyo tofauti ambayo Ilg aliiamini na aliyojitahidi kuilinda.

Fedha, hata hivyo, zilimshinda. Kampuni ilikosa mtaji, ikategemea wenye fedha wa Ufaransa na Uingereza, kisha mwaka wa 1902 ikafunga mapatano na serikali ya Ufaransa yaliyoipa serikali hiyo nguvu kubwa juu ya reli. Menelik alikasirika. Alikuwa ametoa kibali kwa kampuni, na sasa alikuta dola la kigeni limesimama nyuma yake. Lilikuwa jambo lile lile la Wuchale likirudi kwa sura nyingine: maneno aliyoyatilia muhuri yalikuwa yamepewa maana ambayo hakuikubali. Safari hii jina la Ilg ndilo lililokuwa juu ya hati. Njia ikakwama Dire Dawa kwa miaka mingi.

Kuondoka na Kifo

Baada ya hapo nafasi ya Ilg barazani ilianza kufifia. Wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikuwa wameongezeka mjini, kila mmoja akitaka sikio la mfalme. Mwaka wa 1906 Ilg aliondoka Ethiopia, na mwezi Desemba mwaka huo Uingereza, Ufaransa na Italia zikatia saini mapatano ya kugawana maslahi yao katika nchi hiyo pasipo kumshirikisha mwenye nchi. Mwaka wa 1907 Ilg alijiuzulu rasmi, baada ya zaidi ya robo karne ya utumishi.

Aliishi miaka yake ya mwisho Zürich. Menelik, aliyekuwa amedhoofishwa na kiharusi, alifariki mwezi Desemba 1913. Ilg alifariki tarehe 7 Januari 1916. Reli aliyoiasisi, ikiwa sasa mikononi mwa kampuni nyingine ya Kifaransa, ilifika Addis Ababa mwaka wa 1917, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Picha na vitu vya utamaduni alivyokusanya Ethiopia vimehifadhiwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Zürich.

Hitimisho

Maisha ya Alfred Ilg yanaonyesha kuwa si kila Mzungu aliyekuja Afrika katika karne ya 19 alikuja kutawala, na pia kuwa utumishi mwema haumtoi mtu nje ya mapambano ya wakati wake. Aliitikia mwito wa mwenyeji, akafanya kazi aliyopewa, akajifunza lugha ya mahali na kuitetea maana yake mbele ya walimwengu. Aliposhindwa, hakushindwa na mto wala mlima. Alishindwa pale ambapo hati yenye jina lake ilifasiriwa na wenye fedha kwa namna ambayo hakuweza kuizuia.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, funzo lililo wazi zaidi limo katika kifungu cha 17 cha Mkataba wa Wuchale. Tafsiri mara nyingi huchukuliwa kuwa kazi ya baadaye, ya kupachikwa baada ya wakubwa kukubaliana. Leo mikataba ya barabara, bandari, madini na mikopo ya nchi za Afrika Mashariki huandikwa kwa lugha ambazo wananchi wengi walioahidiwa manufaa yake hawazisomi. Ethiopia ilikuwa na matini ya Kiamhari ya kuonyesha ulimwengu, ikawa na mfalme aliyeitetea na fundi aliyeielewa. Wanaozifahamu lugha zote mbili wanapaswa kuketi mezani kabla wino haujakauka, kwa kuwa gharama ya kitenzi kilichofasiriwa vibaya huweza kulipwa na taifa zima kwa damu, kama ilivyolipwa Adwa.